Jaketi okozi la Kariakoo: nimelijaribu kwenye bwawa kabla ya kwenda Ukara

Ukweni kwangu ni Ukara, ndani ya Ziwa Victoria. Tangu kivuko cha MV Nyerere kipinduke Septemba 20, 2018, kikiwa kimeshakaribia gati la kisiwa hicho, sipandi tena mtumbwi kwa kutegemea jaketi la kuazimwa na nahodha, ambalo mara nyingi hata vifungo halina. Nikaingia Kariakoo.

Rangi isikuzuge, soma lebo ya ndani. Langu ni la newtoni 100, yaani kipimo cha nguvu ya jaketi kukuinua majini. Ya 50 ni mepesi na bei yake nafuu, ila ni ya mtu anayejua kuogelea na mwenye msaada karibu. Ukizimia hayajatengenezwa kukugeuza uso juu. Mimi kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha, nikaongeza hela.

Muuzaji akaniambia nikalijaribu Coco Beach. Nikakataa. Maji ya chumvi yanakubeba kuliko ya ziwa, kwa hiyo baharini hata jaketi dhaifu litaonekana zima. Nikaenda bwawa la hoteli, Mbezi. Nikalala kifudifudi, nikalegea mwili mzima, na jaketi likanigeuza taratibu mpaka mdomo ukawa juu ya maji. Ila bila kufunga mkanda wa mapajani lilinipanda mpaka masikioni. Unabana huo mkanda, wanaume jiandaeni.

La mwanangu ndilo lililotutoa jasho. "Chukua kubwa kaka, atakua nalo," kama vile tunanunua sare ya shule! Nikamvalisha palepale dukani, nikafunga kila kitu, nikalishika mabegani na kumnyanyua. Likapanda mpaka puani. Majini mtoto angechomoka kwa chini. Tukatafuta linalolingana na kilo zake, maana kwenye lebo za majaketi ya watoto cha kutazama ni uzito, usikubali kuuziwa kwa umri.

Kasoro zipo. Kamba ya filimbi ilikatika mapema, nimefunga nyingine mwenyewe, na utepe wa kung'aa usiku umeanza kubanduka begani. Ukilifua, anika kivulini. Jua la Dar linachakaza kitambaa haraka.

Shemeji zangu hunicheka nikilivaa tukiwa bado nchi kavu. Wao yao huyakalia. Mtumbwi ukishapinduka, nani ana nafasi ya kutafuta kifungo?

Kwa newtoni 100 ningenunua tena. Filimbi, beba yako.