TAHADHARI: Taa za LED za "wati 200" pale Gerezani, nimepigwa mchana kweupe

Wakuu, kama una mpango wa kwenda Gerezani, kwenye maduka ya spea Kariakoo, kutafuta taa za mbele zinazomulika zaidi, soma hii kwanza kabla hujatoa hata mia. Nina hasira na naandika haraka haraka mtanisamehe mpangilio, lakini yule jamaa anayeziuza asipotangazwa ataua mtu. Sikuzi mambo, ataua mtu kabisa.

Nilikuwa na safari ya Iringa na familia, na ilibidi iwe usiku. Toyota IST yangu ni ile old model, taa zilikuwa zimefifia, ukiwasha dimu (mwanga wa chini) unaona hapo puani tu, mbele giza. Nikasema siwezi kupita hifadhi ya Mikumi usiku na familia kwa taa hizi.

Sasa pale Gerezani ukipaki tu mawinga (madalali) wanakuzunguka, kila mtu ana duka, kila mtu mzigo wake umeingia jana kutoka Dubai. Mimi mawinga nawajua miaka yote na huwa nawapita. Huyu hakunifuata! Alikuwa ndani ya kaunta yake anahudumia mtu mwingine kimya kimya, mimi ndo nikaingia. Kavaa ovaroli safi, nyuma yake shelfu imejaa maboksi mpaka juu, pembeni kuna ubao umefungwa soketi za kila aina na betri ya gari iko chini. Akaniuliza gari gani, nikamwambia IST ya zamani, palepale bila kuangalia popote akasema "hiyo ni H4, 60 kwa 55, globu moja ina dimu na fulu humo humo". Na ni kweli kabisa, ndo ilivyo. Hebu niambieni, mtu anayekutajia hivyo kichwani utamhisi vibaya kwa lipi?

Akauliza unatembelea mjini au unasafiri. Nikasema naenda Iringa. Jamaa akacheka akaniambia "Kamwene!" Mtu anakuamkia Kihehe katikati ya Kariakoo, akaanza kuuliza Ilula kukoje siku hizi, akasema mama yake yuko upande wa Kilolo. Tukaongea pale kama tumekulia mtaa mmoja.

Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka damu inachemka. Kwenye kioo cha kaunta kulikuwa na LED nyingine zimeandikwa 30,000, mimi nikamwonyesha zile. Akazitoa, akazitikisa sikioni kwangu zinalia kochokocho, akazirudisha ndani akafunga kioo. Akasema "hizi sikuuzii kaka, hizi wanachukua watu wa bajaji wanaozunguka Buguruni, wewe ukifika nazo mlima Kitonga utanitukana na mimi sitaki laana ya mtu wa nyumbani". Yaani muuzaji anakataa hela yangu! Hapo ndo aliponimaliza, kwa sababu tapeli tunayemjua sisi anakuuzia chochote ulichoshika, huyu alikuwa ananikinga nisinunue takataka.

Ndo akatoa zenyewe. Boksi jeusi limeandikwa 200W, 20000LM, 6000K, yaani wati za umeme, lumeni za mwanga na rangi ya mwanga. Akachomeka globu ya kawaida kwenye ubao, ikawaka njanooo, dhaifu. Akachomeka LED soketi ya pembeni yake, akamwambia kijana ashushe geti nusu, akazima taa ya dukani. Akawasha. Ukuta ukawa mweupe mpaka nikafumba macho, na watu waliokuwa mlangoni wakaguna "duuu". Akaweka simu yenye programu ya kupima mwanga mbele ya globu, namba ndogo, akaipeleka mbele ya LED, namba ikapaa. Akanipa niishike, nzito, bodi ya alumini, nyuma ina feni ndogo inazunguka unaisikia. Bei akaanza 120,000, tukashuka mpaka 85,000, akasema hapo anarudisha hela ya mzigo tu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Akasema hii uliyoshika ni ya onyesho, mimi nakupa mpya. Akaingia nyuma ya pazia akatoka na boksi lilelile limefungwa nailoni. Nikataka kulifungua akanizuia kwa upole, "kaka ukikata nailoni wewe warantii ya mwaka inakufa, lazima afungue fundi wangu". Kijana akalichukua akaenda nalo kwenye gari, wakati huohuo jamaa ananiita kwenye kaunta nilipe kwa simu. Nabonyeza, mtandao unazunguka, yeye ananisomea lipa namba taratibu, kosea, rudia. Nainua kichwa, taa ya kushoto imeshafungwa na boneti imenikinga sioni kitu. Zile taa zilizoingia kwenye gari langu mkononi mwangu hazikupita hata sekunde moja. Zile nzito zilibaki dukani, na nina uhakika zipo pale hadi sasa zinamulikia wengine ukuta.

Kingine, ule mpira wa nyuma ya taa niliukuta umewekwa juu ya wingi (bodi ya juu ya tairi) umechanwa katikati na kisu. Nikauliza, kijana akasema feni haiingii kwenye mpira, halafu LED inatakiwa ipumue. Ina mantiki, si ndiyo? Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) akasema mashine inasumbua mtandao atanirushia WhatsApp jioni. Akaniandikia kikaratasi "spea 85,000", hakuna jina la duka wala mhuri.

Safari. Mpaka Chalinze huwezi kujua, mwanga wa watu na maduka umejaa. Tulipovuka Morogoro ndo nikaanza kuona kila gari linalokuja linanipigia fulu. Niko kwenye dimu! Nazima, nawasha, nahakikisha, dimu, bado wananipigia, wengine wanafika pembeni yangu wanaachia honi ndefu. Na mimi ninayewaumiza macho wenzangu sioni kitu. Mwanga unapanda kwenye miti, vibao vya barabarani vinang'aa mpaka unakerwa, lakini lami yenyewe, pale unapotaka kuona shimo au mtu wa baiskeli, hakuna. Radio nayo ukiwasha taa FM yote inakuwa mkwaruzo, ukizima inarudi safi.

Ndani ya Mikumi mvua ikaanza. Wakuu ule mweupe wa ubluu kwenye mvua usikieni tu. Matone yote yanawaka mbele yako kama pazia, lami iliyolowa inameza mwanga inabaki nyeusi tii, mstari wa katikati umepotea. Natambaa, malori ya Tunduma yananisukuma kwa nyuma. Pundamilia walikuwa wamesimama pembeni kabisa ya barabara, niliwaona tuko nao sambamba, dirishani. Angeingia mmoja barabarani saa hizi mngekuwa mnachanga.

Tukafika Ruaha Mbuyuni taa ya kushoto ikaanza kupepesa, ikafa. Nikapaki kwenye mwanga wa wauza vitunguu. Dereva wa lori aliyekuwa anakuja mbele yangu alisimamisha lori lake akashuka, mzee wa makamo, akanifokea mbele ya watu wote, "Kijana wewe muuaji, toka kule mbali umenipofusha, nimekuomba fulu mara ngapi hushushi, una watoto ndani ya gari na bado unafanya ujinga huu?" Namwelezea hasikii. Wife yuko pembeni, mama mkwe yuko nyuma anasikia kila neno. Ile aibu sitamsamehe nayo yule jamaa, hela nitaitafuta nyingine lakini kuitwa muuaji mbele ya mama mkwe kwa kitu nilichokinunua ili nisiwe muuaji, hapana.

Kitonga tulipanda asubuhi, nililala palepale kwenye gari.

Iringa fundi umeme akazitoa. Nyepesi! Bodi ni plastiki imepakwa rangi ya fedha, feni haizungukii chochote, imekwama. Ndani ya taa kuna maji, kwa sababu ule mpira ndo ulikuwa unazuia maji na vumbi na wao wameuchana. Akaweka mita, ile iliyobaki inawaka ilikuwa inavuta ampea 1.4. Kwenye volti 13 hiyo ni wati 18 hivi. Kumi na nane, siyo mia mbili! Akaniambia piga hesabu mwenyewe, wati 200 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 16, fyuzi yako ya taa ni ya 10, ingekuwa kweli fyuzi ingekatika palepale dukani ukiwasha. Na hizo lumeni 20,000, H4 halisi inatoa kama 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu, hata xenon orijino za kiwandani za wati 35 ziko kwenye 3,200 hivi. Hiyo 20,000 imetoka kwa mchora maboksi.

Akanionyesha na sababu ya kupofusha watu. Globu ya H4 ina nyuzi mbili, ule wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachokata mwanga usipande juu, na taa nzima imechongwa ikitegemea uzi uko pale pale ulipo. Zile LED vipande vyake vya mwanga ni vinene na vimekaa sipo, kikombe chenyewe kimekaa upande. Kwa hiyo mwanga unatapakaa hovyo, juu, pembeni, machoni kwa watu, huku barabara inabaki na makombo. Ukutani kwa umbali wa hatua mbili lazima uone mweupe mkali, kwa nini usione.

Na tatizo langu la mwanzo? Lensi zilikuwa zimepauka njano, zikasuguliwa zikarudi wazi. Kwenye soketi volti zilikuwa zinafika 11 na kidogo wakati altaneta (jenereta ya gari) inatoa karibu 14, waya wa bodi (earth) ulikuwa umeota kutu. Fundi anasema volti ikipungua asilimia 10 tu globu inapoteza karibu theluthi ya mwanga, sasa mimi nilikuwa nimepoteza zaidi ya hapo. Akasafisha, akaweka globu za kawaida za 60/55 zenye ile alama ya E ndani ya duara, akapanga taa ukutani. Naona barabara. Gharama yote haikufika nusu ya ile 85,000. Na msikubali mtu awawekee zile za 100/90 kama dawa ya haraka, zinayeyusha soketi.

Niliporudi Dar nikaenda moja kwa moja na taa zake mkononi. Mtu wa Kilolo hanijui! Nikamwambia Kamwene, ananiangalia tu. Anazigeuza geuza anasema "mzee hizi si zangu, zangu zina stika", mara "wewe umezipitisha kwenye maji, warantii haina maji", mara "mimi nimeajiriwa, bosi yuko China". Kikaratasi changu akasema mtu yeyote anaweza kuandika. Na pembeni palepale kijana anashusha geti nusu anamwonyesha mteja mwingine ukuta! Nikapaza sauti nikamwambia yule mteja usinunue, wakanitoa nje kwa kunisukuma wawili, na maduka ya jirani yanaangalia kimya, kwa hiyo wanajua.

Mtu wa hivi adhabu yake isiwe faini. Afungiwe duka, mzigo wote uchomwe hadharani pale Gerezani, na yeye apandishwe IST yenye taa zake apelekwe Mikumi usiku wa mvua aendeshe mwenyewe. Barabara ile inabeba mabasi, watoto wa shule wakati wa likizo, wagonjwa wanakuja Muhimbili, halafu mtu anakaa anauza upofu kwa bei ya kitu cha kweli. Mwizi wa kuku anapigwa mpaka kufa nchi hii, huyu anakunywa chai ya saa nne.

Mnaoniuliza dalili: ya onyesho siyo unayopewa, ushike ileile inayoingia kwenye gari, uipime uzito. Wati 200 kwenye globu ya LED ya namna hii ni uongo popote utakapoziona. Akichana mpira wa nyuma msimamishe. Hana risiti ya EFD, ondoka, mimi leo ushahidi nilio nao ni muamala wa simu tu. Ukifungiwa, sogea mbali usiku uangalie ukutani kama dimu ina mstari unaokata mwanga kwa juu, usipouona zitolewe hapo hapo. Na muuzaji anayekukataza kununua cha bei ndogo mwangalie mara mbili.

Jumatatu napeleka taa, boksi na muamala FCC, Tume ya Ushindani, bidhaa feki ni kazi yao, nakala nitaipitisha TBS, Shirika la Viwango. Kama na wewe ulionyeshwa ukuta na geti likashushwa nusu, usitupe boksi, usitupe hizo taa hata kama zimekufa, tafuta ule ujumbe wa muamala uangalie jina lililotokea kwenye lipa namba kisha nicheki leo au kesho. Mmoja watamwambia akasubiri, tukienda watu kumi na maboksi yanayofanana watatoka ofisini.