Maembe ya kuletewa nyumbani: rangi ilinidanganya, pua haikunidanganya

Msimu huu nimeagiza maembe mara tatu kwa wauzaji wanaoleta matunda kwa bodaboda hapa Umoja, Nairobi. Katoni mbili za kwanza zilikuwa tamu ajabu, maembe aina ya Apple kutoka Makueni, watoto wakaramba hadi kokwa. Ya tatu ndiyo imenifanya niandike.

Yalikuwa 12, yote manjano yenye wekundu kidogo, ungedhani yamechorwa. Nikanusa, hakuna harufu. Nikabonyeza karibu na kikonyo, gumu kama viazi. Nilipokata moja, nyama ya kandokando ilikuwa laini lakini karibu na kokwa ilikuwa nyeupe na chachu. Embe lililoiva lenyewe hunukia pale kwenye kikonyo kabla hujalipasua. Hayo nilishuku yameharakishwa kuiva, nikayaacha kabatini siku tatu. Manne yakaiva vizuri, mengine yakanywea tu.

Kulikuwa na jingine lenye madoa meusi mgongoni. Nilishalishika kulitupa, mama mboga wa hapo chini akanizuia: "Usitupe, dada, menya kwanza." Madoa yalikuwa ya ganda tu, hayajazama. Ndani lilikuwa safi, na ndilo lililokuwa tamu kuliko yote.

Lakini lile zuri kabisa, lisilo na doa, lilikuwa na kitobo kidogo kama cha sindano, na utomvu umekauka pembeni. Nikapasua: funza. Inzi wa matunda hutoboa ganda akataga mayai ndani, na nje embe linabaki linang'aa. Hili sikukata upande nikala mwingine, nilitupa lote. Aina ngeni ya inzi hawa iligunduliwa Kenya mwaka 2003, na ni kwa sababu ya inzi wa matunda nchi ilisitisha kuuza maembe Ulaya mwaka 2014 hadi 2021. Basi muuzaji wa Nairobi hana budi kuangalia vitobo kabla ya kupakia.

Nilipowapigia wauzaji hawakubishana, waliniletea manne mengine kesho yake asubuhi bila malipo. Hapo nawapa heshima yao. Kosa lao ni kuchagua kwa macho. Kwa huduma nawapa nyota nne, kwa uchaguzi wa matunda mbili.

Ya Jumamosi nimeshaagiza. Nimewaambia waniletee yanayonukia, hata yakiwa na madoa, na kijana wa bodaboda asubiri mlangoni nikiyanusa moja moja.