Toyota Premio: rimu ya 16 au ya 17?

Premio yenye mpangilio wa nati 5x100 (nati tano kwenye duara la mm 100) ina habu, yaani kitovu kinachoingia kwenye tundu la katikati ya rimu, ya mm 54.1. Rimu ya 5x114.3 haiingii, hata fundi akiahidi kuilazimisha. Tuchukue gari lenye tairi 195/65R15 (upana mm 195, ukuta asilimia 65 ya upana, rimu ya inchi 15) kwenye rimu ya 6J (upana inchi 6), ofseti 45, yaani mm 45 kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu.

Ukiweka 205/55R16 kwenye 6.5J, ofseti 45, kipenyo kinakuwa mm 632 badala ya 634.5, usomaji wa spidomita karibu haubadiliki. Rimu inaongezeka mm 6 kila upande. Zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, ukiangalia kama tairi linagusa upande wa shokabsoba.

Kesi ngumu ni 215/45R17 kwenye 7J, ofseti 35. Inchi moja ya upana huongeza mm 12.7 kila upande, na ofseti kupungua 10 huisukuma rimu nje: jumla mm 22.7 nje, 2.7 tu ndani. Kwa hiyo ndani hakuna shida. Balaa ni tairi kugusa fenda ya nyuma, gari likipakia watu watano na kupita tuta. Wengi hupima gari likiwa tupu! Ukiing'ang'ania 17, tafuta ofseti 45, na tairi lenye namba ya uzito 91 (kilo 615), kwa kuwa 87 hubeba 545 tu. Ukuta wa tairi unabaki mm 97 kutoka 127, hivyo mashimo yanaweza kupinda rimu kwa urahisi.

Rimu yoyote yenye tundu la katikati la mm 73.1 inahitaji ringi ya 73.1 kwa 54.1 ya kuziba nafasi kati yake na habu, la sivyo usukani unaweza kutetemeka kwenye mwendo mkubwa.