NIOX VERO: pumzi inapomsemea mgonjwa wa pumu

Nimeishi na pumu tangu utotoni, na kwa miaka mingi hali yangu ilipimwa hasa kwa maswali: je, unakohoa usiku, je, unapanda ngazi bila kuhema? Majibu yangu yalitegemea zaidi nilivyotaka kuonekana mbele ya daktari kuliko kilichokuwamo kifuani. NIOX VERO, kifaa cha mezani ambacho nimepimwa nacho mara tatu katika kliniki moja hapa London, kimeninyima nafasi hiyo ya kujipendekeza.

Kinachopimwa ni gesi ya nitriki oksaidi, ambayo watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha mwaka 1991 kwamba imo katika pumzi ya binadamu. Miaka miwili baadaye ikabainika kuwa wenye pumu huitoa kwa wingi zaidi, kwa kuwa uvimbe wa kimzio katika njia za hewa huzalisha gesi hiyo kupita kiasi.

Kupuliza kwenyewe kuna ufundi wake. Unatoa hewa yote nje, unaweka mdomo kwenye kichujio, unavuta mpaka mapafu yajae, kisha unapuliza kwa sekunde 10 huku ukiongozwa na picha na mlio. Mara ya kwanza nilipuliza kama anayechochea jiko la mkaa, kifaa kikakataa, nami nikalazimika kurudia kwa upole wa mtu anayepoza chai, kwani mwendo unaotakiwa ni mililita 50 tu kwa sekunde. Jibu huja muda mfupi baadaye, bila sindano wala maabara.

Kwa mtu mzima, chini ya sehemu 25 kwa bilioni ni kiwango cha chini, na zaidi ya 50 ni cha juu. Nilipata 61, nikakiri kwa muuguzi kwamba inhela yangu ya kinga, dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe, ilikuwa imelala kabatini. Baada ya miezi miwili ya kuitumia ipasavyo, kipimo kilisomeka 28. Kwangu mimi, hapo ndipo thamani ya kifaa hiki ilipo.

Hata hivyo, asiwepo wa kukidhani kuwa hakimu wa mwisho. Uvutaji sigara hushusha kiwango, mafua ya mzio hukipandisha, na baadhi ya pumu hazina uvimbe wa aina hii kabisa, hivyo jibu la chini halimaanishi kwamba huna pumu. Wala hakipimi kubana kwa njia za hewa, kazi ambayo bado ni ya spirometri, kipimo cha kiasi na kasi ya hewa unayopuliza.

Ningetamani kukiona katika zahanati za nyumbani Tanga, ila kihisio chake, sehemu inayotambua gesi, kina idadi maalumu ya vipimo na tarehe ya kuisha. Kituo chenye wagonjwa wachache kinaweza kukitupa kabla hakijamaliza kazi, na bado kila mgonjwa anahitaji kichujio chake kipya.