Tochi kubwa ya kazi za majini: ipi uinunue kwanza

Kwa mtu wa boti, swali la kwanza dukani liwe hili: ikiniponyoka usiku, itaelea? Lumeni, yaani kipimo cha mwanga, zifuate baadaye. Alama ya IPX8 isikupumbaze; inahusu maji kuingia ndani, haisemi lolote kuhusu kuelea. Tochi yaweza kulala chini ya bahari ikiwa kavu kabisa ndani, na umeshaipoteza.

Nafasi ya kwanza naipa tochi pana ya plastiki yenye betri ya lithiamu ndani yake. Hewa iliyomo ndiyo inayoibeba. Chukua ya njano au ya rangi ya machungwa, nyeusi huioni usiku. Hata kuiagiza ni rahisi zaidi kuliko ile ambayo betri zake za lithiamu huja kando, kwa sababu betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kwenye mizigo ya ndege za abiria tangu Aprili 2016, ilhali zilizomo ndani ya kifaa zina utaratibu wake. Mwambie wakala mapema kwamba mzigo una betri. Ukificha, unaweza kuzuiwa njiani.

Ya pili ni ya plastiki inayotumia betri kavu ya volti 6, kama Dolphin ya Australia. Mwanga wa wastani, ila inaelea na haina masharti ya lithiamu. Pasipo na umeme ningeipandisha iwe ya kwanza, mradi betri zake zinapatikana jirani.

Ya tatu ni lile jitu la alumini la lumeni makumi ya maelfu. Mwanga wake naupenda kwa dhati, lakini linazama. Betri moja ya 21700, saizi ya betri ya lithiamu inayotumika humo, ina gramu 70 hivi, na ujazo wake ni mililita 24 tu. Tochi ya gramu 1,900 yenye ujazo wa mililita 900 inadai boya la zaidi ya lita moja. Kiboya cha kamera hakitoshi. Tena betri nane za mAh 5,000, zikiwa zimeunganishwa kuwa pakiti moja, zinafika Wh 144 (Wh ni kipimo cha nishati iliyomo), na kupanda ndege na betri inayozidi Wh 100 kunataka idhini ya shirika. Ukiipeleka majini, ifunge kamba.

Kama muuzaji anaapa kuwa yake inaelea, ipime uzito ikiwa na betri zake, halafu, ikiwa ni ya IPX7 au zaidi (yaani inastahimili kuzamishwa), izamishe yote kwenye ndoo iliyojaa pomoni. Kinga maji yanayomwagika, uyapime nayo. Yakiwa mazito kuliko tochi, itaelea. Tumia maji yasiyo na chumvi: ya bahari ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5, hivyo tochi inayoelea kwa taabu Mafia yaweza kuzama Ziwa Victoria.