Miezi nane na tafakari za asubuhi za kwenye simu: nilichopenda na kilichonikera

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa kuanza vitu na kuviacha. Mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka nimeanza mara nne na mara tatu nimefia Mambo ya Walawi, ile ya nne ilikua ni ule mpango wa sura nne kwa siku aliouandaa mchungaji Robert Murray M'Cheyne wa Scotland mwaka 1842, huo hata mwezi sikufikisha. Kwahiyo dada yangu mkubwa aliponitumia linki ya hii programu ya tafakari za kila siku nikamjibu "amina dada" alafu nikakausha. Akapiga. Dada akishapiga huna ujanja, nikaipakua tukiwa bado tunaongea hewani.

Jina lake siliweki, maana huko chini nitailalamikia na sitaki ugomvi na mtu. Ila zinafanana sana hizi kwahiyo kama unatafuta ya kwako utapata cha kuangalia.

Inavyofanya kazi: saa kumi na moja alfajiri inaingia meseji, unakuta andiko, maelezo ya aya tano au sita, swali moja la kujiuliza na sala fupi. Kusoma ni kama dakika nne, ukisikiliza sauti ni sita hivi. Ukiwa na intaneti inashusha za wiki nzima alafu unasoma bila bando, hapo nawapa saluti. Na kabla hujasema haya mambo ya mstari wa siku yameletwa na simu, ndugu wa Moravian kule Herrnhut Ujerumani walianza mwaka 1728 kupelekeana neno la siku nyumba kwa nyumba, na kuanzia 1731 wakawa wanachapa kitabu cha mwaka mzima. Simu imepunguza kutembea tu.

Sasa kitu kilichonifanya nisiifute kama nilivyofuta nyingine. Hawakurushii mstari ukiwa peke yake kama kidonge. Mi nilishajiunga na nyingine kabla ya hii, kila Januari mosi lazima upewe Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", na picha ya jua linachomoza, basi, mwaka wako ushabarikiwa. Hii ilinipa sura ile ile kwa siku tano mfululizo na siku ya kwanza mstari wa 11 hata haukutajwa, tulianza na nani kaandika barua na kwenda kwa nani. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli! Na kabla ya hayo mawazo ya amani wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji uleule uliowachukua mateka, na mstari wa 10 unasema miaka 70. Sabini jamani. Maana yake wengi waliosomewa ile barua walijua kabisa watafia kulekule. Niliusoma ule mstari miaka yote kama vile ni hati ya kupandishwa cheo mwezi ujao, kumbe aliyeupokea mara ya kwanza alikua anaambiwa atulie, apande mti, matunda atakula, ila nyumbani pengine watarudi wajukuu. Nilikaa na hiyo kitu wiki nzima. Haikunikatisha tamaa hata kidogo, yaani ilinipa uvumilivu ambao ile picha ya jua haijawahi kunipa.

Wafilipi 4:13 nayo hivyohivyo, ile "nayaweza mambo yote" ambayo kila mtu anaiweka stetasi kabla ya mtihani au mechi. Wakanirudisha mistari miwili nyuma ambako Paulo, akiwa kifungoni, anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote, kushiba na kuona njaa. Kwahiyo hayo mambo yote anayoyaweza ni pamoja na kukosa. Na ukifikiria, namba za mistari kwenye Agano Jipya tunazotumia leo aliziweka mchapaji mmoja anaitwa Robert Estienne mwaka 1551, Paulo yeye aliandika barua tu, na barua huwezi ukakata sentensi moja ukasema umeisoma.

Lakini siku niliyosema hii programu inabaki ni siku ya Elia. Mama alikua anaumwa, nilikua naye zamu za usiku wiki ya tatu, sijalala vizuri, sala zenyewe zilikua zimekauka, nikifumba macho kuomba nasinzia alafu najisikia vibaya kwamba hata Mungu nimeshindwa kumpa dakika kumi. Asubuhi ile ikaingia 1 Wafalme 19. Nabii aliyetoka kushusha moto Karmeli sura moja tu nyuma, sasa amekaa chini ya mretemu anamwambia Mungu yatosha, niondoe. Mwandishi akauliza swali rahisi: Mungu alimjibu nini kwanza? Hakumkemea. Hakumkumbusha muujiza wa juzi wala kumwambia imani yake imeshuka. Malaika akamgusa, "Inuka, ule", akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akala. Maneno yalikuja baadae sana, baada ya siku arobaini za kutembea hadi Horebu. Na sala ya siku hiyo ilikua mstari mmoja, Bwana nipe usingizi na usiniache. Nikampigia dada nikamwambia njoo unishike zamu leo, kitu ambacho kwa kiburi changu nilikua sijakifanya wiki tatu zote, nikaenda nikalala masaa tisa.

Haya, malalamiko.

La kwanza lugha. Inaonekana baadhi ya tafakari zimeandikwa kwa Kiingereza zikapitishwa kwenye mashine na hakuna mtu aliyezipitia. Siku moja nimeamka nakutana na "Mungu ana mgongo wako", yaani ile "God has your back" ya Kiingereza, Mungu anakulinda, imetafsiriwa neno kwa neno. Mgongo wangu! Nilicheka mpaka nikakosa hali ya kusali. Mtu anayeamka na huzuni yake alfajiri anahitaji sentensi ambayo haimfanyi arudie kusoma mara tatu kujua anaambiwa nini. Andiko lenyewe wanatumia tafsiri ya Union Version ya 1952, mi naipenda, ina uzito wake na ndo niliyokaririshwa Sunday School, ila kijana ambaye hajakulia nayo atatoka kapa sehemu kadhaa na hakuna kitufe cha kubadilisha tafsiri.

La pili ndo lilinikera kabisa, ile kaunta ya siku mfululizo. Nilifika siku 61 nikaugua, siku mbili sikushika simu, narudi nakuta sifuri na ujumbe kwamba nimevunja mwendo wangu na Mungu. Nani kaandika hii? Na alivyo na bahati mbaya andiko la asubuhi hiyohiyo lilikua Maombolezo 3, rehema zake hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi. Juu rehema, chini sifuri nyekundu.

La tatu, kuna siku wanaogopa giza. Walileta Zaburi 88 nikasema ehee hapa sasa, maana ile zaburi haina ahadi mwishoni kama nyingine, inaishia gizani kabisa na bado imeachwa ndani ya Biblia. Wao wakaeleza vizuri aya tatu alafu ya nne wakakimbilia "lakini usijali, kesho yako ni nzuri". Aliyeiandika zaburi hakusema hivyo, mngemwacha tu. Matangazo nayo, ya bure inakurushia tangazo la mkopo wa haraka mara tu baada ya Amina, ukilipia yanaondoka.

Kama we ni msomaji mzito wa Biblia itakua nyepesi kwako, na wenzetu Wakatoliki wajue inatumia vitabu 66 tu na haifuati masomo ya misa ya siku kwahiyo watafute inayowafaa. Kwa mtu kama mimi anayefia Walawi nawapa nyota nne, ya tano wamekula wenyewe na ile kaunta. Nimeshajua inazimwa wapi, ni kwenye mipangilio, sehemu ya ukumbusho, chini kabisa.

Wiki ijayo tunaanza Habakuki, sura tatu tu. Dada kashanionya nisitangulie kusoma, na nimeshatangulia.