Wiki kumi na mbili na vitoto vya paka

Jina la kikundi chao silitaji. Wenyewe wameniomba, na sababu yao naielewa: ukishajulikana mjini kwamba unachukua paka, asubuhi ukifungua mlango unakuta boksi kizingitini. Ni vijana wachache wa kujitolea hapa Mombasa, hawana ofisi wala banda la wanyama. Wanaokota vitoto vya paka vilivyotupwa, wanavitafutia mtu wa kuvilea kwa muda, halafu wanavitafutia mwenyewe wa kudumu. Mimi nilikuwa huyo mtu wa muda. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Nauza mahamri na viazi vya karai Kibokoni, Mji wa Kale. Mmoja wao ni mteja wangu, na siku hiyo alikuja na kikapu kimefunikwa leso. "Mama, wewe si huamka saa tisa usiku kukanda unga?" Nikasema ndiyo. "Basi ni wewe tunayekutafuta." Ndani vitoto vinne, macho hayajafumbuka, vimetolewa kwenye gunia nyuma ya soko la Marikiti. Kimoja cha manjano, kimoja cha rangi tatu, kimoja cheusi tititi, na kimoja kidogo cha kijivu ambacho hata kulia kilikuwa hakiwezi.

Kwenye malezi sina neno nao. Mimi nilidhani paka nawajua, Mji wa Kale tunazaliwa tukiwakuta. Kumbe ninayemjua ni paka mkubwa. Nilikuwa nishainua sufuria ya maziwa ya ng'ombe, binti mmoja wa kikundi akanishika mkono: yatawaharisha, na kitoto cha gramu 150 kikiharisha siku moja tu kinakauka. Wakaniletea kopo la maziwa ya unga ya paka, vichupa viwili, mizani ya jikoni na daftari. Binti akakaa nami jioni nzima. Kitoto kinyonye kimelala kifudifudi kama kwa mamake, si chali kama mtoto wa mtu, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Kikiwa cha baridi hakinyweshwi, kwanza kipate joto. Na kila kikimaliza kunyonya, ukisugue chini kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, maana chenyewe kukojoa hakiwezi, ni ulimi wa mama unaokikumbusha. Hilo la kitambaa mume wangu alipolisikia alitoka kwenda barazani, hakurudi mpaka baada ya isha.

Usiku vinanyonya saa tano, saa nane, saa kumi na moja. Hiyo ya kumi na moja ilinikuta na unga mikononi. Kila asubuhi napima na kuandika, kitoto kinatakiwa kiongeze gramu 10 hadi 15 kwa siku. Cha kijivu kikawa kinapungua. Nilituma ujumbe saa nane usiku, nikajibiwa kabla sijaweka simu chini, na tuktuk ikaja kukipeleka kwa daktari. Hatukukiwahi. Hawakunilaumu hata kidogo, na siku tatu baadaye yule binti alikuja bila kazi yoyote, akanywa chai, akaondoka.

Sasa hiyo nyota moja.

Walipotimiza wiki nane, wa manjano alichukuliwa Nyali na wa rangi tatu akaenda Tudor kwa mwalimu. Mtu anajaza fomu: nyumba ni yako au umepanga, mwenye nyumba amekubali, ukisafiri nani atamlisha. Na lazima paka aje ahasiwe. Hapo niko nao. Huku mchana na usiku ni sawasawa mwaka mzima, paka hangoji msimu kama wa Ulaya, na jike la miezi mitano laweza kuwa na mimba tayari.

Lakini mweusi hakuna aliyemtaka. Mama mmoja alikuja, akamwona, akasoma audhubillahi, akaomba aonyeshwe yule wa manjano ambaye alikuwa keshaondoka. Kisha akajitokeza muuza nafaka wa Majengo. Huyu namfahamu miaka mingi, kila adhuhuri anagawa dagaa kwa paka wa mtaa. Wakamkataa: fomu inasema nyumba, si duka. Wakataja magari, wakataja Jumapili duka linapofungwa, wakataja sumu ya panya. La sumu nililikubali, maana paka akila panya aliyekula sumu naye anaweza kufa. Yule mzee akaitupa sumu mbele yangu, na Jumapili yeye hulala ghorofani juu ya duka hilohilo. Bado ikachukua wiki nne, na chakula cha mweusi wiki zote hizo kilitoka kwenye mahamri yangu, kwa sababu wao hulipia hadi wiki ya nane tu. Hilo hawakuniambia mwanzoni. Ukitaka kuwalelea, uliza mapema.

Fomu yao nadhani imeandikwa kwa mtu wa fleti yenye geti na askari. Huku kwetu paka halelewi na nyumba moja. Anakula kwa huyu, analala kwa yule, na asipoonekana siku mbili mtaa mzima unauliza. Ningependa swali moja liongezwe: majirani wanamjua?

Mwishowe walikwenda kukagua duka, wakakubali. Mweusi sasa hulala juu ya gunia la mchele wa pishori, na wateja humsogeza kwa kiwiko ili wachote. Mzee amenituma niulize kama wana mwingine, hata mweusi. Nimewaandikia juzi. Wamenitumia fomu.